Mfuniko Wenye Dirisha

Mama yangu alipokuja kutoka Mwala mwaka wa 2004, alikuja na sanduku la bati, kuku wawili waliofungwa miguu, na vidole ambavyo havikunjiki. Sisi Wakamba mama tunamwita Mwaitu, na pale kwetu hata majirani wasio Wakamba walimwita hivyo, kwa hivyo na wewe mwite hivyo. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba hiyo ni baridi yabisi, mikono isiingie tena maji baridi wala isikamue nguo. Mwaitu akamshukuru sana, akarudi nyumbani, na kesho yake ndugu yangu Onesmus akamkuta mtoni kwenye bwawa la mchanga akifua blanketi.

Onesmus akanipigia simu. "Wayua, mchukue mama yako. Mimi amenishinda."

Nikamchukua. Ploti yetu pale Katoloni, Machakos, ina vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, uwanja katikati, na chumba namba sita kilikuwa kitupu. Kulala kwangu, hilo hata halikuzungumzwa. Mama halali nyumba moja na mume wa binti yake. Kuna heshima tunayoiita nthoni, na kwa Mwaitu nthoni si mchezo. Ameokoka kabla mimi sijazaliwa, anaimba kwaya ya kina mama, lakini alipookoka hakuiacha nthoni pale mbele ya kanisa pamoja na ugoro. Miaka tisa ya ndoa yangu, hakuwahi kumtaja mume wangu Titus kwa jina, wala kusema naye neno moja uso kwa uso. Wakikaribia kukutana njiani, Titus anaingia kwenye mahindi ya watu. Siku moja hakukuwa na mahindi, akaingia kwenye michongoma. Mimi ndiye nilikuwa nabeba maneno katikati.

"Mwambie baba Mumo nimeamka salama."

"Titus, Mwaitu ameamka salama."

"Si nimesikia. Mwambie mimi pia nimeamka salama."

Mumo ni binti yetu, alikuwa na miaka minane, na alikuwa akiwacheka wote wawili.

Siku ya kwanza Mwaitu alikaa kwenye kizingiti cha namba sita akaniambia mambo yake bila kuzunguka. "Nakaa mpaka Pasaka. Nikiona naweza kuishi hapa bila kuwa mgonjwa wa mtu, nitakaa. Nikiona siwezi, narudi kwangu nikafue nguo zangu mwenyewe."

"Kwa mikono gani, Mwaitu?"

"Kwa hii. Uliniona na mingine?"

Hapo ndipo palikuwa na shida yote. Kula tungekula, kulala angelala, lakini kufuliwa nguo alikataa. Mtu anayefuliwa, alisema, ni mtoto na maiti. Nikisogelea kapu lake anaketi juu yake. Nami nilijua akirudi Mwala peke yake na mikono ile, Onesmus ana watoto sita na mbuzi na shamba, nani atamchunga? Ilikuwa mwisho wa Februari. Pasaka ilikuwa Aprili tarehe kumi na moja.

Sasa, kwenye baraza letu kulikuwa na mashine ya kufulia. Usishangae. Titus ni fundi wa madirisha ya chuma, na mama mmoja mzungu aliyekuwa akihama alimpa hiyo mashine badala ya kuitupa, kwa sababu mfuniko wake wa juu ulikuwa umepasuka vipande. Ilikuwa ya kufungulia juu, nyeupe, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Maji tulitia kwa ndoo. Mfuniko wetu ulikuwa ubao wa kukatia mboga na jiwe juu yake.

Nikamwambia Mwaitu, "Basi hutafuliwa na mtu. Utafuliwa na mashine. Mashine si mtu."

Akaitazama muda mrefu. "Kitu kinafunikwa, kinaanza kunguruma, halafu unaniambia nguo zangu ziko huko ndani. Nitajuaje kinazifanya nini? Sufuria ikifunikwa mimi ndiye nimepika."

"Zinazunguka tu, Mwaitu."

"Umeziona?"

"Sijaziona, lakini..."

"Haya. Kama kingekuwa na dirisha ningefikiria."

Alisema hivyo kunifukuza. Lakini mimi ni mtu wa kubeba maneno, nikayabeba mpaka kwa Titus kama yalivyo. Alikuwa anakula. Akaacha kutafuna.

"Amesema dirisha?"

"Amesema dirisha."

"Kwa mdomo wake?"

"Titus, kwani alisema kwa pua?"

Akasukuma sahani. Miaka tisa mama mkwe hajawahi kumwomba kitu, na sasa anaomba kitu kimoja ambacho Titus anaweza kukitengeneza macho yakiwa yamefungwa. Hata chai hakumaliza.

Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, na nasukia hapo hapo barazani, kwa hivyo kwangu hapakosi watu. Mmoja anasukwa, wawili wanangoja, na wengine wanne hawana nywele za kusuka, wamekuja kusikia. Kwa hivyo kila mfuniko aliotengeneza Titus ulizaliwa mbele ya mashahidi.

Wa kwanza aliuleta baada ya siku tatu. Chuma kitupu, fremu ya pembe nne, kioo kimegandishwa kwa pati pembeni, na juu ya kioo, nondo za grili. Grili kabisa, na ua limepindwa katikati. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Nyakio, mama Wambugu wa chumba namba tatu, anayeuza maembe ya Matuu pale Marikiti, aliuangalia akashika kiuno. "Baba Mumo, hebu nieleze. Mwizi wa nguo atatoka ndani ama ataingia kutoka nje?"

Tulicheka mpaka niliyekuwa namsuka akapoteza mstari wa kichwa. Titus naye alicheka, lakini alikwenda akakata grili. Hata bila grili mfuniko ulitaka watu wawili kuuinua, na bawaba za mashine, ambazo ni za plastiki, zikakatika siku hiyo hiyo.

Wa pili ulikuwa wa bati jepesi, wenye bawaba mpya za chuma, na kioo cha madirisha yale ya vipande vipande. Nikatia shuka za kwetu, tukakaa kutazama. Mashine ikafua vizuri. Ikafika kukamua, ikanyamaza. Titus akaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Alikuja kugundua kuna swichi ndogo chini ya ukingo. Mfuniko usipoibonyeza, mashine inajua iko wazi na haikamui. Kwa ubao wa mboga jiwe ndilo lilikuwa likibonyeza, hatukujua. Akachomelea kipande cha msumari chini ya bati kikae pale pale. Mashine ikakubali. Ikakamua kwa nguvu, baraza likatetemeka, na kioo kikasema ka! Siku mbili nilikuwa naokota vigae kwenye shuka.

Mwaitu aliona yote hayo kutoka mlangoni kwake akichagua maharagwe. Hakusema kitu kuhusu kioo. Ila jioni aliniita. "Mwambie baba Mumo lile bati lina makali upande wa kushoto. Atajikata."

Nilipomwambia Titus, alichukua tupa akasugua ule upande mpaka ungeweza kupitisha shavu.

Plastiki ya mfuniko wa tatu ilitoka kwa Sahra. Ana duka la vitambaa mjini, na anasukwa kwangu kila wiki mbili, ndani, mlango umefungwa. Siku hiyo alisikia hadithi ya kioo akasema, "Mimi niko na kabati la kuonyeshea bidhaa, lilivunjika mguu. Ile plastiki yake ngumu inaonyesha kama maji. Mwambie mzee wako aje achukue. Kwa sababu ya mama, sio kwa sababu yake."

Plastiki haikupasuka. Lakini mashine ilipoanza, povu likaruka, matone yakashika chini ya dirisha, na kwa dakika tatu tukawa tunatazama ukungu tu, kama milima ya Iveti mwezi wa saba.

"Weka waipa ya gari," Nyakio akasema.

Alikuwa anatania. Ila jioni nilimkuta Titus amesimama mbele ya Datsun ya jirani, anaiangalia waipa kwa namna ambayo ilibidi nimshike mkono nimrudishe nyumbani.

Jibu alilipata jikoni. Nilikuwa nachemsha githeri, akawa anaangalia kifuniko cha sufuria nilipokiinua. Kile kifuniko kimevimba katikati. Matone yanakusanyika, yanateleza, yanashukia pembeni, katikati panabaki safi. Alikifunika akakifunua mara tano, githeri yangu ikakataa kuiva.

"Dirisha langu limelala," akasema. "Ndiyo sababu. Linatakiwa livimbe."

Basi akachukua karai langu la mandazi. Plastiki unaipasha joto juu ya jiko, ukiizungusha, mpaka inalegea kama ngozi, halafu unaibandika haraka juu ya mgongo wa karai na kuibana kwa matambara. Kipande cha kwanza kiliungua, ploti nzima ikanuka siku mbili. Cha pili kiliota malengelenge. Kulikuwa na plastiki ya kipande kimoja zaidi tu. Usiku huo hakulala vizuri, alikuwa anapindapinda mikono hewani. Asubuhi akakifanya mbele yetu, hakuna aliyepumua, hata Nyakio. Kikatoka mviringo, safi, kimevimba kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Akakifunga kwenye bati kwa bolti kumi na mbili, na katikati ya plastiki na bati akaweka mpira wa tyubu ya baiskeli maji yasivuje.

Halafu akaniuliza, "Ataona akiwa amekaa ama amesimama?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Mwaitu hasimami muda mrefu, na mashine inafungukia juu. Mtu aliyekaa kwenye kigoda angeona ubavu tu. Titus hakuweza kumwendea na kumpima. Akanipa uzi nikampime Mwaitu akiwa amekaa, kutoka chini mpaka machoni.

"Mnanipimia jeneza?" Mwaitu akauliza.

"Dirisha, Mwaitu."

Akanyoosha mgongo nimpime vizuri.

Titus akaishusha mashine kutoka barazani, akaiweka chini uwanjani ikigusa ukuta wa baraza, ili waliokaa juu waiangalie kwa chini kama wanaochungulia kisima. Akaweka kigoda mahali pake, akakaa yeye mwenyewe akiwa amejikunja afikie kipimo cha ule uzi, akachungulia. Nilimwona akitabasamu peke yake juu ya mashine tupu.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya Pasaka. Nilialika watu wanne, wakaja kumi na mmoja, na mimi sikusikitika hata kidogo. Nikapika chai ya sufuria kubwa na mandazi. Mwaitu akaja amevaa kilemba, akakaa kwenye kigoda chake mbele kabisa. Titus, kwa heshima, alikuwa amejificha kule nyuma ya tangi la maji, ambako angesikia bila kuonekana. Mwaitu akanikabidhi nguo zake moja moja kama anayekabidhi watoto shuleni: vitenge viwili, leso, kitambaa cha kanisani, na petikoti la rangi ya samli.

Nikazitia. Nikatia maji, mitungi mitatu, ya mkokoteni wa punda, maana mifereji ilikuwa imekauka wiki nzima. Nikaangalia ndani. Nguo tano zilikuwa zinaelea kwenye maji yote hayo kama wageni waliofika mapema. Na karibu yangu kulikuwa na beseni lenye ovaroli ya buluu ya Titus na fulana zake mbili. Nikazitia.

Utaniuliza, Wayua, hukujua? Nilijua sana. Kwetu nguo za mama mkwe na za mkwe hazilowekwi beseni moja, na hazianikwi kamba moja. Tangu Mwaitu ahamie namba sita nilikuwa na kamba mbili uwanjani, na sijawahi kukosea hata kwa soksi. Lakini hayo ni mambo ya beseni na kamba. Kichwani mwangu mashine haikuwa beseni. Ilikuwa mashine, kitu cha umeme, unakijaza kinafanya kazi. Hakuna aliyewahi kunifundisha nthoni ya mashine. Nikafunga mfuniko, nikabonyeza, nikageukia watu kama mtu aliyeleta maendeleo Katoloni.

Dirisha lilifanya kazi. Nakuambia lilifanya kazi! Matone yakateleza pembeni kama kwenye sufuria. Kitenge kikaja, kikapita, kikarudi. Mwaitu akainama mbele. "Kile pale changu," akasema polepole. "Na leso ile." Mtu akasema afadhali kuliko televisheni. Sahra akapiga makofi. Nikaona vidole vya Mwaitu vimetulia magotini, na nikajua, nikajua kabisa, kwamba amekaa.

Halafu ule mkono wa buluu ukapanda kutoka chini. Ukazunguka, ukalipata petikoti la samli kiunoni, ukalikumbatia.

Nyakio hakukusudia ubaya. Nyakio ni mtu ambaye macho yake na mdomo wake vimeunganishwa na waya mmoja. "Woi! Na hiyo ovaroli ya nani imemshika Mwaitu hivyo?"

Watu wakaangua kicheko. Ovaroli na petikoti zikazunguka mara ya pili, safari hii mguu wa ovaroli nao ukiwa umeingia. Wakamba waliokuwa pale waliacha kucheka mmoja baada ya mwingine. Wengine walipoona hivyo nao wakanyamaza. Ikabaki mashine peke yake.

Sikuweza kusogea. Aliyesogea ni Titus. Alikuwa amesikia neno ovaroli kule nyuma ya tangi, na alijua ploti nzima kuna ovaroli moja tu. Akatoka mbio, hakumwangalia mtu, akajitupa kifudifudi juu ya mfuniko. Akalifunika dirisha kwa kifua chake, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani ili asimwone mama mkwe wake wala mama mkwe wake asione yaliyokuwa chini yake.

Na mashine ikafika kukamua.

Ikaanza kutetemeka, na yeye akatetemeka nayo. Ikatembea naye, hatua moja, hatua mbili, waya wa umeme ukanyooka. Bati likalia chini yake. Mwaitu akasimama.

"Titus!" akapiga kelele. "Titus, shuka, utapasua dirisha!"

Mumo alishika mdomo kwa mikono miwili. Miaka tisa, na jina lilitoka lote, na sauti yote. Titus aliteleza akashuka upande wa ukuta, akachomoa waya, akatambaa, ndiyo, alitambaa, mpaka nyuma ya tangi. Mwaitu akajifunga leso vizuri, akaenda namba sita, akafunga mlango kwa komeo.

Niliketi nje ya mlango ule. Nilisikia sanduku la bati likifunguliwa.

"Mwaitu."

"Ilikuwa mara ya kwanza?" akauliza kutoka ndani.

Ningeweza kudanganya. Mlango haukuwa na dirisha. "Hapana," nikasema. "Ile siku ya ukungu, tulipojaribu plastiki. Nilitia leso zako mbili ambazo Mumo alikuwa anajifunikia. Na mashati ya baba yake yalikuwa ndani."

"Na yeye alijua?"

"Yeye alikuwa anaangalia matone tu. Haoni nguo, Mwaitu, anaona maji. Ni mimi."

Akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo liliniumiza, "Mimi nilikuambia sijui kile kitu kinafanya nini kikifunikwa. Kumbe kitu hakikuwa na makosa."

Nililia kidogo. Sikujificha, mlangoni pa mtu panaonekana na watu wote pale ploti.

Nyakio akaja akasimama juu yangu na mkono mmoja kiunoni. "Mdomo wangu ndio umeanza, acha umalize. Mimi sina nthoni na mtu yeyote hapa. Nitumeni."

Akaenda nyuma ya tangi. Akarudi, akagonga. "Mwaitu, baba Mumo anaomba msamaha. Anasema ataleta mbuzi."

"Mbuzi nitamfuga wapi?" sauti ikatoka. "Kitandani?"

Nyakio akaenda, akarudi. "Anasema basi ataleta blanketi. Na hiyo mashine ataitoa hapa leo, hutaiona tena."

Komeo likafunguka. Mwaitu akasimama mlangoni. Nyuma yake sanduku lilikuwa wazi kitandani, nguo nusu ndani, nusu nje. Hakuniangalia mimi. Alimwambia Nyakio, lakini kwa sauti ambayo tangi lenyewe lingeisikia.

"Muulize huyo mtu. Ametengeneza madirisha ya Machakos nzima. Ameona wapi nyumba ya mtu mwenye akili ina dirisha halina pazia?"

Nyakio hakuhitaji kwenda. Kutoka nyuma ya tangi tulisikia Titus akijibu, akiongea na Nyakio lakini akipaza: "Mama Wambugu, mwambie Mama sisi mafundi hatuweki pazia. Pazia huwa ni la mwenye nyumba."

"Umesikia, Mwaitu?" Nyakio akauliza.

"Nimesikia. Mwambie basi mwenye nyumba ni mimi. Aweke waya, nitashona."

Nikainua kichwa. Nyakio naye akanitazama, macho yake yakawa makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifunga mdomo. Mwaitu akarudi ndani, akaanza kutoa nguo kwenye sanduku na kuzitundika kwenye msumari.

"Na mimi, Mwaitu?" nikauliza.

"Wewe nitakusamehe polepole. Nipe nafasi."

Titus aliweka waya siku hiyo hiyo, kutoka ukingo mmoja wa mfuniko hadi mwingine, na bolti mbili za kuushika. Mwaitu alishona pazia kwa kipande cha kitambaa alicholetewa na Sahra, akishika sindano kwa kiganja kwa sababu ya vidole. Lilimchukua siku tatu na hakutaka msaada. Sheria alizitoa yeye. Jumatatu ni yake, nguo zake peke yake hata zikiwa mbili, pazia wazi. Alhamisi ni ya kwetu, pazia limefungwa, na yeye anakaa upande wa pili wa ploti akiwa na shughuli zake. Majirani wakileta, wanaulizwa kwanza nani ni mkwe wa nani. Nyakio aliulizwa maswali mpaka akachukia.

Wiki ya Pasaka, Onesmus alikuja kumchukua kama walivyopatana. Mwaitu akampa chai akamrudisha, na orodha ya vitu vya kumletea: kinu, jembe dogo, na kuku wengine wawili waliobaki kule Mwala.

Nthoni? Ilirudi mahali pake. Jina la Titus hajalitaja tena, na Titus bado anakimbilia kwenye mahindi. Lakini Jumatatu moja mwezi wa tano, nilikuwa namsuka mtu, nikamsikia Mwaitu pale kwenye kigoda akiongea peke yake. Nikachungulia. Titus alikuwa amerudi mapema, amefika kwenye geti, na hakukuwa na pa kujificha. Mwaitu alikuwa amegeuza uso akauelekeza kwenye ukuta.

"Wewe ukuta," alikuwa anasema, "mwambie mtu bawaba ya upande huu inalia."

Titus naye akageukia ukuta wa geti, kofia mkononi.

"Ukuta," akasema, "mwambie Mama nitaleta oili kesho."

"Leo," Mwaitu akauambia ukuta.

"Leo," ukuta wa pili ukakubali, na Titus akatoka tena kwenda kutafuta oili.